Mito Miwili Kitandani

"Nyumba hii inanuka ugomvi," alisema Mama Funguo, hata kabla hajauweka mkoba wake chini.

Alisimama katikati ya sebule akageuka pole pole, pua juu, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja gesi. Alikuwa dalali wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na jina hilo alipewa kwa sababu kila alipopiga hatua mkoba wake ulilia funguo za nyumba za watu.

"Hakuna aliyegombana humu leo," alijibu Mwalimu.

"Sijasema leo. Wewe tazama mwenyewe." Akaanza kuonyesha kwa kidole. "Kwenye kochi kuna blanketi na mto, maana yake mwanamume analala sebuleni. Jikoni kuna sahani moja, kikombe kimoja. Ukutani pale palikuwa na picha, sasa pamebaki alama nyeupe ya mraba. Mnunuzi haambiwi kitu hapo. Anajua watu wameachana, wana haraka, na atatuchezea atakavyo. Wengine hawatabaki hata kuongea, watasema nyumba ina mkosi."

Pindo alikuwa bado amesimama mlangoni, mfuko wa vitambaa begani, kama mgeni aliyekuja kuulizia njia. Hakuwa amekanyaga ndani ya nyumba hii tangu alipoondoka. Alikuja kwa sababu nyumba ilikuwa na majina mawili, lake na la mume wake, na bila yeye isingeuzika.

"Kwa hiyo unataka tufanye nini?" aliuliza.

"Nataka kesho asubuhi wale watu wakija wakute mke na mume. Ukuta upakwe rangi, picha irudi. Mapazia haya yamekata tamaa, weka mengine, wewe si ndiyo kazi yako? Bafuni miswaki miwili. Kandambili za kike mlangoni. Kitanda kitandikwe vizuri, mito miwili. Na ninyi wenyewe mkae karibu karibu, mtabasamu kidogo. Baada ya hapo, hata mkitaka kurushiana masufuria, subirini tu gari lao likate kona."

Akacheka peke yake, akakusanya funguo zake, akaondoka. Ndani ya nyumba wakabaki watu wawili wasiojua waanzie wapi.

Walikutana kwenye gari la mafunzo, wawili hawa. Mume alikuwa anafundisha udereva, na watu wakazoea kumwita Mwalimu mpaka mama yake mzazi akaacha kumwita jina alilompa. Pindo alikuwa mshonaji wa pazia aliyetaka leseni ili abebe mwenyewe mizigo ya wateja. Alikuwa mwepesi wa kushika kila kitu isipokuwa kurudi nyuma. Kila akirudi nyuma alipanda ukingo wa barabara, na Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Siku ya mtihani Pindo alifeli. Akarudia, akafeli tena. Wakiwa wameshaoana ndipo alipomwambia ukweli, kwamba mara ile ya pili alifeli kwa kusudi, ili masomo yasiishe. Jina la Pindo alipewa na Mwalimu, kwa sababu hakuna siku aliyomkuta hana kitambaa mapajani anakunja pindo. Ndugu wa mume nao walilichukua jina hilo, lakini vinywani mwao lilikuwa kama kitu cha kukunjwa na kuwekwa pembeni.

"Nitaanza na ukuta," alisema Mwalimu.

"Mimi nitaanza na hili blanketi."

Alilikunja. Lilikuwa na harufu yake, sabuni ya kunyolea na mafuta ya gari, na Pindo alilikunja haraka kuliko ilivyohitajika.

Mchana wote walifanya kazi kama mafundi wawili walioajiriwa na mtu mmoja. Mwalimu alitandaza magazeti sakafuni, akaupiga ukuta msasa, akaziba nyufa. Pindo alisugua sinki, akafuta vumbi juu ya makabati, akafungua madirisha yaliyogoma kufunguka. Nje mbingu ilikuwa ya kijivu, imeinama, mvua inafikiria. Kila walipopishana kwenye korido mmoja alijibana ukutani ili mwingine apite.

"Umepungua," Mwalimu alisema akiwa juu ya ngazi, bila kugeuka.

"Ni gauni."

"Siyo gauni."

"Paka rangi, Mwalimu."

Alipaka. Lakini rangi mpya haikukubaliana na ya zamani. Pale palipokuwa na picha pakawaka kama kiraka kipya kwenye suruali kuukuu. Walisimama wote wawili wakapatazama.

"Mbaya zaidi," alisema Pindo.

"Basi ukuta mzima."

"Ukuta mzima," alikubali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Mwalimu aliiona, akainamia kopo la rangi ili asionekane ameiona.

Chumba kidogo cha nyuma ndicho kilichomkata maini Pindo. Alifungua mlango akakuta kimejaa matairi ya zamani na zile koni za rangi ya machungwa ambazo wanafunzi hupita katikati wakijifunza kona. Zamani kilikuwa na cherehani yake upande mmoja, na upande wa pili waliuacha wazi. Hawakuwahi kusema kwa sauti waliuacha kwa ajili ya nini.

"Umekigeuza gereji," alisema.

Mwalimu alikuja akasimama nyuma yake, brashi mkononi. "Sikuweza kukiangalia kikiwa kitupu. Nikaona bora kiwe na kitu chochote, hata uchafu."

Wakayatoa matairi moja moja, wakayaviringisha mpaka uani.

Chumba cha kulala walikiacha mwisho. Pindo alitoa shuka mpya kwenye mfuko wake, nyeupe, zenye utepe wa kijani alioushona kwa mkono. Walitandika bila kupangana. Pindo alishika ncha za upande wa dirishani, Mwalimu za upande wa mlangoni, wakaikung'uta shuka mara moja ikatua sawasawa. Mikono yao iliijua kazi hiyo vizuri, haikusahau.

"Unalala kwenye kochi tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

"Na mgongo wako?"

"Unauma."

"Mjinga wewe," alisema, na neno likamtoka kwa upole ambao hakuukusudia.

Aliweka mto wa kwanza. Akaweka wa pili. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikusubiri, Mwalimu. Kwa shangazi kuna kiti barazani. Kila jioni nilikaa pale na kazi yangu ya mkono, nikimwambia shangazi ndani hakuna mwanga wa kutosha. Kila gari lilipopunguza mwendo nilijidunga sindano."

"Nilikuja."

"Usinidanganye."

"Nilikuja, Pindo. Nilikuwa naegesha kwenye kona, karibu na duka la viatu. Nilikuona umekaa, taa ya baraza juu ya kichwa chako. Halafu nikageuza gari."

Pindo alimkazia macho. "Kwa nini?"

"Ningekwambia nini? Ungeniuliza kama nimemwambia mama. Sikuwa nimemwambia."

Hapo ndipo kilipokuwa kidonda, na wote wawili walikijua. Hospitali waliyokwenda kutafuta sababu ya kukosa mtoto, daktari aliwakalisha pamoja akawaeleza taratibu, kwa maneno ya kawaida: mke hana tatizo lolote. Tatizo ni la mume, na halina dawa. Kwenye korido ya hospitali Mwalimu alimshika mkono mke wake. "Mama asijue," alimwomba. "Nitakufa kwa aibu. Mama asijue." Na Pindo, kwa kumpenda, alisema sawa.

Hakujua sawa ile itakuwa nzito kiasi gani. Mama mkwe alikuja na dawa za kunywa, yeye akanywa. Mawifi walikuja na watoto wao, wakawaambia mbele yake, msimsumbue mke wa mjomba wenu, hajui watoto. Kila mara alimwangalia mume wake, na kila mara mume wake alikuwa ameona kitu cha muhimu dirishani. Mwisho mama mkwe alifika na msichana mmoja mzuri, ana begi dogo, amekaa kwenye kochi macho chini. "Huyu ni mgeni wetu," mama alisema. "Mzoeane." Mwalimu aliliangalia zulia. Pindo aliingia chumbani, akafungasha, akatoka. Yule msichana alirudishwa kwao wiki hiyo hiyo, lakini hakuna aliyekuja barazani kwa shangazi kumwambia.

"Sikuondoka kwa sababu ya yule msichana," alisema sasa. "Wala kwa sababu ya mtoto. Wewe ungenitosha. Mimi na wewe na hizo koni zako, tungezeeka vizuri. Niliondoka kwa sababu nilikuwa naliwa mzima mbele yako na wewe unaangalia zulia."

Mvua ikaanza. Ilipiga bati kwa nguvu, na baada ya muda mfupi tone moja likaanguka kutoka kwenye dari, pa, katikati ya mto mpya. Likafuata jingine.

"Haya, sasa hata dari linatucheka," alisema Mwalimu, akaruka. Wakakishika kitanda huku na huku, wakakisukuma mpaka ukutani. Pindo alikimbia kuleta ndoo. Aliporudi alimkuta amesimama pale pale, maji yanamdondokea begani, hasogei. Alikuwa analia. Hakuwa amemwona akilia hata siku ya korido ya hospitali.

Aliweka ndoo chini. Akamfuata, akaweka kichwa kifuani pake, na mikono ya Mwalimu ikamzunguka kama iliyokuwa imekatazwa kwa muda mrefu na leo imepewa ruhusa. Alinuka rangi na jasho. Pindo alifumba macho, akaisikia mvua, akatamani isikatike.

"Usiiuze nyumba," Mwalimu alimnong'oneza kwenye nywele. "Tusiiuze. Nitamwambia mama."

"Lini?"

"Kesho. Wakishaondoka hao watu nakwenda kwake moja kwa moja. Nitamwambia kila kitu."

"Mwalimu, niangalie." Alimshika kidevu. "Ukimwambia, mimi mwenyewe nitamwambia Mama Funguo hatuuzi. Waje waone, kuona si kununua. Lakini sirudi kuwa pazia la kukufichia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sema."

"Nitamwambia mama kwamba tatizo ni mimi."

Alilisema neno lile ndani ya chumba kile, kwa sauti inayosikika, na Pindo akaondoka jioni hiyo akitembea kwenye madimbwi bila kuyaona. Shangazi alipomuuliza mbona amelowa, alijibu, "Mvua, shangazi," akacheka, na shangazi akamwangalia kwa wasiwasi, maana ilikuwa zamani sana hajasikia kicheko hicho.

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika lakini mbingu haikufunguka. Pindo alifika mapema, akatundika mapazia mapya, akaweka kandambili zake mlangoni. Hakuwa anaigiza tena. Aliziweka kama mtu anayerudi. Mwalimu alikuwa amevaa shati ambalo Pindo mwenyewe alimpigia pasi zamani, lile la mistari, na kochi halikuwa na blanketi.

"Umelala wapi?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Kitandani. Upande wangu."

Mama Funguo aliingia na wanunuzi nyuma yake. Mume alikuwa mfupi, mwenye miwani, mfamasia. Mke alikuwa mjamzito, tumbo limetangulia, anatembea mkono mmoja kiunoni. Walivua viatu ingawa hawakuambiwa.

"Karibuni, karibuni," Mama Funguo alianza. "Hii ndiyo sebule. Mnaona hewa? Hawa watu wanahamia kazi ya mbali, vinginevyo wasingeiachia. Angalieni wenyewe walivyokaa, kama njiwa."

Mwalimu na Pindo walikuwa wamesimama karibu karibu kama walivyoelekezwa, na vidole vyao viligusana kwa nyuma bila kuelekezwa na mtu.

Mfamasia aligonga kuta, akafungua mabomba, akachungulia dari. "Hapa panavuja," alisema chumbani.

"Ndiyo," alijibu Pindo. "Mvua kubwa tu. Inahitaji bati moja kubadilishwa."

Mama Funguo alimkonyeza anyamaze, lakini yule mke mjamzito alitabasamu. "Ahsante kwa kusema kweli, dada." Alikipitisha kiganja juu ya shuka yenye utepe wa kijani. "Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Walifika kwenye kile chumba kidogo. Kilikuwa kitupu sasa, kimefagiwa, dirisha wazi. Mjamzito aliingia akasimama katikati, akazunguka kidogo, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyeona mahali pake. "Mume wangu," aliita, "njoo uone hiki." Mfamasia alikuja, akasimama kando yake, wakawa wanaongea kwa sauti ya chini, nani atalala wapi, taa iwe upande gani. Pindo aliwaacha. Hakuwaonea wivu. Alijisemea tu moyoni, mtapata nyingine jamani, hii sisi tumeirudia.

Ndipo sauti ya mama mkwe ikasikika sebuleni.

"Hodi! Nimesikia leo vinauzwa vya mwanangu, nimekuja kuona nani anachukua nini."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kanga iliyofungwa barabara na macho yasiyopitwa na kitu. Aliziona kandambili mlangoni. Akamwona Pindo akitoka koridoni na wageni.

"Shikamoo, mama," alisema Pindo.

Mama mkwe hakuitikia. Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye tumbo la mgeni. Uso ukalainika, akamsogelea, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Hongera, mwanangu. Hongera sana. Ninyi chukueni nyumba hii, nawaombea muichukue. Kuta hizi zilikosa sauti ya mtoto." Kisha, bila kumwangalia Pindo, "Mwanangu mimi alioa mti mkavu. Amemwagilia miaka yote, hata jani. Sasa amepata akili, anauza, akaanze upya na mwanamke mzima."

Mama Funguo, ambaye hajawahi kukosa neno, aliukumbatia mkoba wake. Mjamzito aliuondoa mkono wake taratibu, akautua juu ya tumbo lake kama anayeziba masikio ya aliyemo ndani.

Pindo alimwangalia mume wake.

Hakumwangalia kwa hasira. Alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeshika kamba upande wa pili. Jana tu, mdomo ule ule ulikuwa kwenye nywele zake. Mwalimu alifungua kinywa. Macho yake yalimgusa mama yake, yakamgusa Pindo, yakatoka yakaenda kutafuta dirisha.

"Mama," alisema hatimaye, "karibu ukae. Umekuja kwa miguu?"

Ni mfamasia aliyesema. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mama, utanisamehe, mimi ni mgeni hapa. Lakini dada huyu ndiye mwenye nyumba, ametukaribisha vizuri. Si vizuri aambiwe hivyo mbele yetu."

"Wewe humjui," alijibu mama mkwe.

"Simjui, ndiyo. Hata hivyo."

Pindo alihisi kitu ndani yake kikishuka chini, taratibu, bila kelele, kama pazia linapochomoka kwenye fimbo yake. Mtu asiyemjua hata jina amemsemea. Akashangaa kuona kwamba hatetemeki.

Mama Funguo aliwavuta wageni uani, akarudi mbio akihema. "Wameipenda," alinong'ona. "Na bati watabadilisha wenyewe. Wanataka neno sasa hivi, kuna nyumba nyingine wanakwenda kuiona. Niwaambieje?"

"Subiri kidogo," alisema Mwalimu haraka. "Tuna mazungumzo, mimi na..."

"Wape," alisema Pindo.

"Pindo."

"Wape nyumba, Mama Funguo. Waambie nimekubali. Na huyu naye hatakataa, kukataa hakuwezi."

Mama Funguo aliwatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alitoka. Baada ya muda wakasikia kicheko cha furaha uani, cha mwanamke, kisha milango ya gari, kisha gari likikata kona.

Pindo alikwenda chumbani. Alitoa shuka zake kwenye kitanda, akazikunja. Ukuta ulikuwa mwembamba, na alikuwa anaingiza mto kwenye mfuko aliposikia sauti ya Mwalimu sebuleni, imepasuka katikati kama ya kijana anayebalehe.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mimi ndiye nisiyezaa. Daktari alisema. Pindo hana kitu. Pindo hajawahi kuwa na kitu."

Kisha mama mkwe akatoa sauti ndogo, si kilio, ni kama mtu aliyekanyaga mwiba gizani. Pindo alisimama na mto mikononi. Neno alilolingoja kwa miaka yote lilikuwa limesemwa, na lilimpita kama barua iliyofika baada ya mtu kuhama.

Alipotoka, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi, kanga imemlegea begani. Alionekana mdogo.

"Njoo hapa, mama," mama mkwe alimwambia Pindo. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na zile dawa nilizokunywesha?"

"Nilikunywa."

"Ukaninyamazia. Nikakusema kwa ndugu, kwa majirani, leo nimekusema kwa wageni. Nimekuita mti mkavu."

"Ndiyo, mama. Umeniita."

Mama mkwe alijifunika uso. Pindo alimwekea mkono begani kidogo, kwa sababu alikuwa mtu mzima na alikuwa analia, kisha akauondoa.

Mwalimu alimwahi mlangoni. "Nimesema. Umesikia mwenyewe. Nimesema, Pindo. Hawa watu wamepewa neno tu, hakuna kilichosainiwa. Nampigia Mama Funguo sasa hivi."

"Usimpigie."

"Kwa nini? Ulisema nikimwambia..."

"Umemwambia wakati wageni wameshatoka. Ulingoja wageni watoke, Mwalimu. Yule dada ameondoka hapa anajua mimi ni mti mkavu, atakuwa anakumbuka hivyo kila akiingia chumba kile. Kunitukana kulikuwa hadharani. Kunisemea kumekuwa kwa siri, mimi niko nyuma ya ukuta."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Sikuchukii kwa kuogopa."

"Nakupenda."

"Hilo nalo najua. Na mimi nakupenda, ndilo linaloniumiza, ningekuwa sikupendi ningeondoka nikipiga mluzi." Alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Lakini nikirudi, kila mtu akifungua mdomo nitakuwa nakuangalia wewe usoni, nione kama utameza mate au utanisemea. Kwenye misiba, kwenye harusi za ndugu zako, mpaka uzeeni. Sitaki kuishi namwangalia mume wangu hivyo. Nimechoka macho."

Mwalimu alinyoosha mkono, akamwondolea tone la rangi lililokauka kwenye nywele, karibu na sikio. Kidole chake kilikaa pale muda mrefu kuliko tone lenyewe. Pindo alimwacha. Alisimama wima, akajipa ule muda wote, kisha akapachika kandambili zake mfukoni.

"Nikupeleke?" aliuliza Mwalimu.

"Hapana. Kaa na mama. Asiachwe peke yake leo."

Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Alitembea mpaka barabara kubwa bila kugeuka, kwa sababu alijua Mwalimu yuko mlangoni, na alijua akigeuka ataona anavyosimama, bega moja limeshuka kwa ajili ya ule mgongo.

Shangazi alikuwa anakunja nguo alizozianua mapema kwa hofu ya mvua. Alimwona mlangoni, akaona mfuko umejaa kuliko ulivyokuwa asubuhi.

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Wamechukua?"

"Wamechukua, shangazi. Watu wazuri. Wanatarajia mtoto."

Shangazi aliacha kukunja. Alimtazama kwa muda, jinsi alivyosimama pale ameukumbatia mfuko wake kifuani, midomo imebana. Hakuuliza habari za Mwalimu. Aliinuka, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akashusha pazia la dirisha la barabarani, kisha la pembeni, mpaka chumba kikawa na kiza cha kijivu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Sasa hakuna anayekuona."

Ndipo Pindo akaketi sakafuni, pale pale mlangoni, akalia.